Tarehe Mbili za Bi Sabini

Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa na aya tatu, na ya pili ndiyo iliyomkaa kooni. Ya kwanza ilimshukuru kwa utumishi wa miaka ishirini na miwili. Ya tatu ilimtaka arudishe funguo za stoo ya sabuni na koti la kazi kabla ya saa kumi jioni. Ya pili ilisema kwamba meneja wa uzalishaji ameachishwa kazi kwa utoro wa siku tatu mfululizo, bila ruhusa wala taarifa.

Aliisoma akiwa amesimama mbele ya meza ya mkurugenzi. Alipomaliza aliirudia kutoka chini kwenda juu, kama alivyozoea kukagua shuka.

"Utoro wa nani?" akauliza.

"Mama, hii siyo mimi," alisema mkurugenzi. "Ni taratibu za ofisi."

"Ofisi ni nani tena humu ndani, kama siyo wewe?"

Mkurugenzi alikuwa na miaka thelathini na minne. Wafanyakazi walimwita Bosi Mdogo, kwa sababu Bosi Mkubwa alikuwa baba yake, aliyekianzisha kiwanda hicho cha kufua nguo na ambaye sasa alilala nyumbani, mgonjwa, hana habari za mashine. Meneja alimjua Bosi Mdogo tangu akiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, anakuja mchana na sare yake na kujificha ndani ya matoroli ya foronya mpaka atafutwe. Ndiyo maana alimwita mama. Na huenda ndiyo maana siku hiyo aliongea huku akiitazama kalamu yake.

Meneja mwenyewe, kiwandani, alikuwa Bi Sabini. Jina alilipata kwa usumbufu wake. Nguo za hospitali hufuliwa kwa maji yasiyopungua digrii sabini, na yeye kwa miaka yote hiyo alipita kwenye mashine kila saa akiuliza, "Ngapi?" Mwendeshaji akijibu sitini na nane, mashine ilianza upya. Hakuwa na cheti cha chuo chochote. Aliingia kama mkunja mashuka, akapanda kwenye pasi, akapanda kwenye mashine, akawa msimamizi wa zamu, mwisho meneja. Watu walisema Bi Sabini anaweza kugusa bomba kwa kiganja na kukwambia digrii. Haikuwa kweli, lakini hakuwahi kuikanusha.

Kiwanda kilifua nguo za hospitali moja na hoteli nne. Jengo lilikuwa na milango miwili: nguo chafu ziliingia upande mmoja, safi zikatoka upande wa pili, na mtu wa upande mchafu hakuvuka kwenda msafi bila kubadili koti na viatu. Mashine kubwa ilikuwa ya hoteli. Ndogo ilikuwa ya hospitali. Mwezi wa tatu beringi ya mashine ndogo ilikufa, na kipuri chake kikawa cha kuagizwa kutoka nje, cha kusubiri wiki na wiki. Bosi Mdogo akaamua kwamba nguo za hospitali ziingie mashine kubwa pamoja na za hoteli, kwa digrii hamsini na tano, maana taulo za hoteli zikipata moto zaidi ya hapo hupauka, na wenye hoteli hulalamika.

Bi Sabini alimwambia mara tatu kwamba hilo haliwezekani. Mara ya kwanza walikuwa kwenye mashine. Mara ya pili ofisini. Mara ya tatu ilikuwa kwenye kikao, mbele ya wafanyakazi wote, na hapo Bosi Mdogo alicheka kidogo.

"Mama, haya mambo ya sabini ni ya zamani. Siku hizi kuna sabuni."

"Sabuni haiui kila kitu."

"Sawa, tumekusikia. Tunaendelea."

Waliendelea. Tarehe nne ya mwezi uliofuata Bi Sabini aliandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu, akapeleka nakala moja kwa muuguzi mkuu wa hospitali na nyingine ofisi ya afya. Kote aligongewa mhuri wa kupokelewa. Tarehe kumi na moja alikuja afisa wa afya na kipimajoto chake, akakitumbukiza, akaandika, akaondoka bila kunywa hata maji. Hospitali ikasimamisha mkataba mpaka kiwanda kirekebishe. Zamu ya mchana ikafutwa. Tarehe kumi na tisa Bi Sabini akaitwa ofisini kupewa aya zake tatu.

Siku tatu za utoro zilizotajwa zilikuwa za mwezi wa nyuma yake. Dada yake mkubwa alifanyiwa upasuaji wa nyonga, na Bi Sabini ndiye aliyekaa naye wodini. Ruhusa aliomba, tena kwa njia ambayo kila mtu kiwandani aliombea ruhusa: kwa chaki.

Karibu na mlango wa nguo chafu palikuwa na ubao mweusi wa kawaida. Mtu akitaka siku za mapumziko, akiwa na msiba, akiumwa, aliandika hapo jina, sababu na siku. Bosi akipita, akikubali, alitia alama ya vema. Kila Jumamosi saa nane mfagiaji aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, wiki mpya ikaanza. Mtindo huo ulikuwa wa Bi Sabini mwenyewe. Zamani palikuwa na daftari la likizo, lakini mvuke wa kiwanda ulilifanya livimbe kama mkate uliodondokea kwenye chai, wino ukachuruzika, jina la mtu likahamia kwa jirani yake. Siku moja alilitupa kwenye pipa na kwenda kununua ubao.

Kwenye ubao aliandika: *Sabini, dada yuko hospitali, siku 3*. Bosi Mdogo alipita, akatia alama yake, na chini yake akaandika *Pole mama*. Jumamosi ikafika, kitambaa kikapita.

Mume wake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliisoma barua karakanani huku ameinua miwani yake ya kazi juu ya paji la uso.

"Kwa hiyo umemwaga unga," alisema.

"Nimemwagiwa."

"Kwa barua ile."

"Kwa barua ile. Lakini wameandika utoro."

Mume alijaribu kufuta alama ya kidole chake cheusi kwenye karatasi, akaizidisha, kisha akamrudishia. "Achana nao, mama watoto. Tununue mashine mbili ndogo, tuweke pale nyuma. Utafua za majirani."

"Majirani wana mikono."

"Basi utafua zangu. Kazi haitaisha."

Bi Sabini alicheka, lakini wiki hiyohiyo alivaa gauni lake la ofisini akaenda kuomba kazi kwenye kiwanda kingine cha kufua, kikubwa kuliko cha kwao. Karani wa mapokezi alikuwa amewahi kumsikia, akampa kiti, akamletea na maji. Kisha akaomba barua ya mwajiri wa mwisho. Aliisoma mpaka aya ya pili, akaikunja vizuri kwenye mikunjo yake ileile, akasema watampigia. Bi Sabini alikuwa amewahi kuajiri watu zaidi ya mia. Alijua watu aliowaambia atawapigia, na hakuwapigia.

Hapo ndipo jambo lilipokuwa dogo na wazi kichwani mwake. Kazi yenyewe hakuitaka tena, asingeweza kusimama mbele ya mashine ile na kuuliza "Ngapi?" Alitaka neno utoro litoke kwenye karatasi, la sivyo hakuna kiwanda kitakachompokea, na alikuwa na miaka hamsini na moja na kazi moja aliyoijua. Na alitaka iandikwe mahali fulani kwamba alifukuzwa kwa kusema. Mume wake alimwambia la kwanza linawezekana, la pili asahau. Akaenda kufungua malalamiko ofisi ya kazi, akayaandika yote mawili.

Kikao cha usuluhishi kilifanyika miezi miwili baadaye, chumba namba sita, ghorofa ya kwanza. Palikuwa na meza ndefu, feni iliyozunguka kwa uvivu, na kabati la majalada lililokataa kufunga hadi likawekewa tofali. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa rika la Bi Sabini, miwani ikining'inia kwa kamba shingoni. Upande mmoja alikaa Bosi Mdogo na wakili wake. Upande wa pili Bi Sabini, peke yake, na bahasha.

"Hapa sitoi hukumu," msuluhishi alianza. "Nasikiliza, nauliza, tunatafuta njia. Ikishindikana mtakwenda kwa mwamuzi, na huko foleni ni ndefu. Wakili, anza wewe."

Wakili alisema mambo yako wazi. Mfanyakazi hakuwepo siku tatu. Hakuna ombi la maandishi. Barua yake kwa hospitali ni suala jingine kabisa, na mwajiri hana kinyongo nayo.

"Mama, una ombi la maandishi?" msuluhishi akamgeukia.

"Niliandika ubaoni."

"Ubao uko wapi?"

"Upo. Maandishi ndiyo hayapo. Hufutwa Jumamosi."

"Nani aliagiza ufutwe?"

"Mimi."

Msuluhishi alivua miwani. Wakili aliona mwanya, akauingia. "Ni kweli kwamba mwaka jana mkurugenzi alikuletea waraka kutaka fomu za likizo zianze kutumika?"

"Ni kweli."

"Waraka ulikwenda wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Ukafanya nini nao?"

Bi Sabini angeweza kusema hakuuona vizuri, au kwamba kazi zilikuwa nyingi. "Sikufanya kitu. Niliona ni mambo ya ofisini. Nilisema hawa hawajui mvuke."

"Kwa hiyo ulikaidi."

"Nilikaidi. Hilo ni kosa langu, na wangeniandikia hilo ningesaini."

Wakili alitoa kwenye mkoba kitabu chenye jalada la bluu. Kumbe, alisema, licha ya ukaidi huo ofisi ilikuwa na daftari lake la mahudhurio, likijazwa na karani kila siku tangu mwaka jana. Siku zile tatu, mbele ya jina la meneja, palikuwa na neno *hayupo*, bila maelezo. Na alikuwa amemleta shahidi, mfanyakazi wa pasi, athibitishe.

Shahidi alikuwa nje kwenye benchi. Aliingia akiwa amevaa viatu vya kazi, akamwamkia msuluhishi, akamwamkia Bosi Mdogo, kisha akamwamkia Bi Sabini kwa sauti ya chini kidogo. Kiwandani walimwita Mama Pacha. Zamu ya mchana ilipofutwa, yeye alibaki na siku tatu kwa wiki, na kila mtu chumbani alijua hivyo.

"Siku hizi tatu, meneja alikuwepo kazini?" wakili aliuliza.

"Hakuwepo."

"Asante."

"Alikuwa kwa dada yake," Mama Pacha aliongeza. "Si aliaga?"

"Tumekuuliza kama alikuwepo tu."

"Ndiyo nimejibu. Hakuwepo, aliaga."

Msuluhishi alivuta daftari la bluu, akalifungua. Kurasa zake zilikuwa zimenyooka, nyeupe, na wino ulikuwa mmoja tangu Januari ya mwaka uliopita. Alilipekua polepole, kisha akaligeuza kuelekea kwa shahidi. "Hebu na wewe angalia ya kwako. Tuone kama karani aliandika sawa."

Mama Pacha alifuata jina lake kwa kidole, mwezi baada ya mwezi. Kwenye mwezi wa saba mwaka uliopita kidole kilisimama.

"Hapa wameniandika nipo."

"Kuna tatizo?"

"Tarehe tisa hii? Nilikuwa leba, mama. Nilizaa wawili." Aliendelea kupeleka kidole mbele. "Na kumi nipo. Na kumi na moja nipo. Mwezi mzima nipo. Basi labda nilikuwa napiga pasi kwa mguu."

Feni ilizunguka. Wakili alimwinamia Bosi Mdogo, wakanong'ona. Msuluhishi hakucheka, ila alichukua muda mrefu kuvaa miwani yake.

"Daftari hili liliandikwa lini?" aliuliza.

"Karani ndiye anayejua," alisema Bosi Mdogo.

"Karani yuko wapi?"

"Likizo."

"Ameandika kwenye ubao?"

Msuluhishi alilifunga daftari, akaliweka katikati ya meza, si upande wa huyu wala wa yule, akamruhusu Mama Pacha aende. Mlangoni Mama Pacha alisimama.

"Bosi," alisema, na ilichukua muda mfupi kueleweka kwamba anamwambia Bi Sabini. "Barua yako ilitutia njaa. Ujue hivyo."

"Najua."

"Haya. Mimi nimesema niliyoulizwa." Akatoka.

Msuluhishi akampa Bi Sabini nafasi ya kuuliza. Alikuwa ameandaa maswali manane kwenye karatasi ndani ya bahasha. Aliiacha bahasha palepale.

"Mwanangu," alisema. Ulimi ulikuwa umemtangulia, akajirekebisha. "Bwana mkurugenzi. Chini ya jina langu, pale ubaoni, uliandika nini?"

Wakili alisema swali hilo haliwezi kuthibitishwa. Msuluhishi alisema hata majibu mengine ya leo yamekuwa hivyo, ajibu tu.

Bosi Mdogo alitazama mikono yake. "Sikumbuki," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Naandika vitu vingi pale."

Bi Sabini aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza tena.

Baada ya mapumziko msuluhishi aliwaambia aonavyo. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha sababu ya kumfukuza mtu, na kwa daftari lile hathibitishi. Kwa mwamuzi litamletea balaa. Kuhusu madai ya kisasi, yeye hana la kusema. Hakuna mtu aliyesikika akisema huyu afukuzwe kwa barua yake. Huenda mwamuzi akaona vingine, huenda asione, na hilo litajulikana mwakani.

Wakili alikuja na pendekezo. Barua mpya, isiyo na neno utoro. Ajira imesitishwa kwa makubaliano. Stahiki zote za kisheria. Pande zote mbili hazitadaiana tena. Alilisoma kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi. Bi Sabini aliomba kuiona rasimu, akaisoma kutoka chini kwenda juu.

"Nataka iongezwe kitu."

"Neno kisasi haliingii," wakili alisema harakaharaka. "Hilo halina mjadala."

"Silitaki neno hilo. Nataka tarehe mbili. Iandikwe kwamba tarehe nne meneja aliiandikia hospitali na ofisi ya afya kuhusu ufuaji. Na tarehe kumi na tisa ajira yake ilisitishwa. Basi. Msiweke 'kwa sababu', wala 'kwa hiyo'."

"Hiyo ya kwanza ni ya nini? Haihusiani."

"Kama haihusiani haitawaumiza."

Wakili alijaribu njia nyingine: alimweleza, kwa upole wa kweli kidogo, kwamba anajipalia makaa. Barua safi ingemsaidia. Hii, mwajiri yeyote akiisoma atajua kwamba huyu ndiye aliyemshtaki bosi wake. Angependa kumwajiri nani kati ya mtu asiye na historia na mtu mwenye hiyo?

"Naelewa," alisema Bi Sabini.

"Halafu?"

"Ni za kweli, hizo tarehe. Mihuri ninayo."

Wakatoka nje kushauriana, Bosi Mdogo na wakili wake. Kupitia mlango uliokuwa wazi nusu Bi Sabini alimwona Bosi Mdogo akitikisa kichwa, kisha akisikiliza, kisha akitazama ukuta. Walirudi baada ya dakika kumi. Wakili alisema wanakubali, tarehe ziandikwe, kwa sharti kwamba ziwe kwenye sentensi mbili tofauti. Mchapaji wa ofisi ya kazi aliandika, akakosea tarehe moja, akarudia. Wakasaini. Bosi Mdogo alipokuwa akisaini alisema, bila kuinua macho, "Baba anakusalimia." Bi Sabini alimwambia ampelekee na za kwake.

Kiwanda cha kwanza alichopeleka barua mpya kiliisoma na kumwambia watampigia. Cha pili hakikumwambia lolote. Mume wake aliacha kutaja mashine mbili ndogo, akaanza kupima kwa kamba ukuta wa nyuma ya karakana, akidhani haonekani.

Mahali pa tatu palikuwa hoteli kubwa iliyofua nguo zake yenyewe, kwenye ghorofa ya chini ya ardhi, karibu na maegesho. Msimamizi mkuu wa usafi, mwanaume mwembamba mwenye redio ya mkononi iliyokoroma kila dakika, alimpokea kwenye chumba kisicho na dirisha. Alisoma barua. Kidole chake kilikwenda kwenye tarehe ya kwanza, kikashuka kwenye ya pili, kikapanda tena.

"Hizi zimekaa karibu," alisema.

"Siku kumi na tano."

"Wewe ndiye uliyeandika ile barua."

"Ndiyo mimi."

Redio ilikoroma, aliizima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Bi Sabini aingie. "Na hapa kwangu ukikuta kitu hukipendi, kesho naletewa afisa wa afya?"

"Nitakuambia wewe kwanza. Kule nilisema mara tatu."

"Na nisiposikia mara ya tatu?"

Bi Sabini alifikiria mume wake na kamba yake ya kupimia. Jibu lenye faida lilikuwa jepesi, lilikuwa pale pale mdomoni. "Nitaandika," alisema.

Msimamizi aliegemea kiti. Alimtazama kwa muda, bila hasira na bila furaha, kama mtu anayesoma bei ya kitu anachokihitaji. Akasema watu wake wawili wa zamu wamemkimbia mwezi huohuo, na wageni wanalalamika taulo zinanuka unyevu. Akasema umeneja hana, tena asiutegemee. Ana usimamizi wa zamu ya asubuhi, miezi mitatu ya majaribio.

Ilikuwa ngazi aliyoiacha miaka tisa iliyopita. Bi Sabini aliichukua barua yake mezani, akairudisha kwenye bahasha.

"Zamu inaanza saa ngapi?" akauliza.

"Saa kumi na mbili. Lakini boila ya maji moto inawashwa saa kumi na moja."

"Basi nitafika saa kumi na moja."